Habari za Chuo Zimfikie Hata Mwenye Mulika Mwizi

Leo kijana wa Kwale huomba nafasi ya chuo KUCCPS na mkopo wa HELB kwa mtandao, na karo yaweza kulipwa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza 2007. Kisha huyo huyo apande matatu kutoka Lunga Lunga hadi Msambweni, akute karatasi ubaoni: mtihani umeahirishwa. Nauli imekwenda.

Naona vyuo vyetu vitenganishe njia. La dharura liende kwa SMS, kwani hupokelewa hata na mulika mwizi isiyo na bando. Ratiba na fomu ziwekwe WhatsApp, mahali ambapo ofisi pekee huandika, zisizame kwenye salamu na vichekesho. Maswali yawe na nambari moja, afisa anayejulikana na saa za kujibu.

Jambo moja nalisisitiza: orodha ya wanaodaiwa karo isirushwe kwenye kundi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yalinda habari za mtu binafsi, na aibu hiyo yaweza kumtoa mwanafunzi masomoni kimyakimya.

Ubao na ubaki, ila usiwe mjumbe wa pekee.