Ubunifu wa Sekta ya Umma na Imani ya Wananchi

Ubunifu wa sekta ya umma ni istilahi ya taaluma ya utawala inayotaja mabadiliko ya makusudi katika namna taasisi za serikali zinavyotoa huduma, zinavyofikia maamuzi na zinavyowajibika kwa raia, mradi mabadiliko hayo yawe mapya kwa taasisi inayoyafanya, hata kama yamekwisha kujaribiwa kwingine, na yawe yametekelezwa badala ya kubaki katika mpango mkakati. Waandishi wa Kiswahili wameitafsiri dhana hii kwa maneno mawili, uvumbuzi na ubunifu. Kuvumbua ni kufichua kitu kilichokuwepo lakini hakijaonekana, ilhali kubuni ni kutunga kwa akili jambo ambalo halikuwepo. Na kwa kuwa utaratibu wa kutoa huduma hutungwa na watu, hauchimbuliwi ardhini, ubunifu ndilo neno linalofaa zaidi, nalo ndilo lililopewa nafasi rasmi nchini Tanzania, kwa mfano katika Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu yaliyoanza mwaka 2019. Hata hivyo kubuni hutumika pia kwa jambo lisilo na msingi, kama vile kubuni visingizio, na ndiyo maana sharti la utekelezaji halipaswi kuachwa nje ya maana ya istilahi hii.

Neno linaloambatana nalo, imani, linahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mipango mingi ya serikali hutaja “kurejesha imani ya wananchi” kana kwamba imani ni kitu kilichopotea mikononi mwa wananchi, nao ndio wanaotakiwa kukiokota. Lakini kutokana na mzizi uleule wa Kiarabu Kiswahili kina pia uaminifu, ambao ni sifa ya yule anayeaminiwa, na amana, yaani kitu kilichowekwa kwa mtu ili akitunze na akirudishe kikiwa kamili. Imani huwa kwa mwananchi. Uaminifu hudaiwa kwa ofisi. Na kodi, alama za vidole na taarifa za kuzaliwa ambazo mwananchi hukabidhi serikalini ni amana. Mwanafalsafa Onora O’Neill, katika mihadhara yake ya Reith ya mwaka 2002, alisisitiza kwamba swali la msingi si namna ya kuongeza imani kwa jumla, bali namna ya kuielekeza kwa wanaostahili. Ubunifu unaolenga imani pekee huweza kuishia katika matangazo, ilhali unaolenga uaminifu humpa mwananchi njia ya kuhakiki.

Kenya inatoa mifano miwili iliyobeba jina moja. Mwezi Novemba 2013 kilifunguliwa katika jengo la Posta Kuu jijini Nairobi Kituo cha Huduma cha kwanza, ambamo mtu angeweza kuomba kitambulisho, cheti cha kuzaliwa au cheti cha tabia njema chini ya paa moja, badala ya kuzunguka ofisi mbalimbali ambako faili lilikwama hadi pale kilipotolewa “kitu kidogo”. Vituo hivyo vilisambazwa katika kaunti zote 47, na mwaka 2015 mpango huo ulipata Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Utumishi wa Umma. Nguvu yake haikutoka kwenye kompyuta peke yake. Ada na muda wa kila huduma vilipobandikwa hadharani, kaunta zikawa wazi na foleni ikaenda kwa namba, mwananchi aliweza kujua kwa macho yake kama ahadi imetimizwa, na nafasi ya dalali ikapungua.

Huduma Namba ilifuata njia nyingine. Mfumo huo wa kitaifa wa utambulisho uliingizwa kupitia marekebisho ya sheria mbalimbali ya mwaka 2018, na usajili wa umma ukaendeshwa mwaka 2019 kabla Bunge halijapitisha sheria ya ulinzi wa data, ambayo ilipatikana Novemba mwaka huohuo. Waliotangulia kwenda mahakamani ni pamoja na watetezi wa Wanubi, jamii iliyotokana na askari waliochukuliwa Sudan na wakoloni na kuwekwa Kibera, ambayo vijana wake kwa miaka mingi walilazimika kupigwa msasa na kamati maalumu kabla ya kupewa kitambulisho. Wasiwasi wao ulikuwa wa haki kabisa: asiye na kitambulisho leo angeachwa nje ya kila huduma kesho, endapo namba hiyo ingekuwa ndiyo mlango pekee. Ikumbukwe pia kuwa kitambulisho nchini Kenya bado huitwa kipande na watu wengi, na kipande cha kikoloni, chenye chanzo katika sheria ya mwaka 1915, kilikuwa karatasi yenye alama za vidole ambayo mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea nayo, aghalabu ndani ya kikasha cha chuma shingoni, ili mwajiri na polisi wamdhibiti. Kutoiamini namba mpya katika mazingira hayo si ujinga wa mwananchi unaohitaji kampeni ya elimu, ni kumbukumbu.

Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa vinasaba na wa taarifa za mahali mtu anapoishi kwa njia ya setilaiti, ikataka pia uwepo mfumo kamili wa kisheria kabla ya utekelezaji. Oktoba 2021 mahakama hiyo ilibatilisha utoaji wa kadi kwa sababu serikali haikuwa imefanya tathmini ya athari za ulinzi wa data, yaani uchunguzi wa awali wa madhara yanayoweza kuwapata wenye taarifa na wa hatua za kuyazuia. Uamuzi huo unagusa maana ya istilahi yenyewe, kwa kuwa unaongeza sharti la tatu juu ya upya na utekelezaji: mabadiliko yanayogusa amana ya raia yathibitishwe kuwa salama kabla hayajaanza, na anayebeba wajibu wa kuthibitisha awe serikali.