Nozeli Imeziba: Neno Moja, Maradhi Manne

Printa ya wino ikikataa kuandika hupewa ugonjwa mmoja tu: nozeli zimeziba. Nenda kwenye duka lolote la steshenari lenye fundi wa kujaza katriji, Kariakoo au River Road, utalisikia neno hilo kabla mashine haijachomekwa kwenye umeme. Mteja analisema, fundi analipokea, na kazi ya kuzibua inaanza. Mara nyingi hakuna kilichoziba.

Tuanze na nozeli yenyewe. Wapo wanaotaka tuiite tundu au kitundu cha wino. Lakini tundu halina kazi yoyote; lipo tu, na kitu hupita kikitaka. Mdomo ni wa birika, nao humimina. Pua ingevutia, maana Waingereza wenyewe walilipata neno lao kutoka kwenye pua, ila pua ya Mswahili huvuta hewa zaidi ya inavyorusha chochote cha kujivunia. Mkulima mwenye bomba la kunyunyizia dawa na fundi wa injini za dizeli wote wana nozeli, na kwa wote wawili kitu hicho hufanya kazi ileile: kurusha kimiminika kwa msukumo, kwa kipimo na kwa mwelekeo uliopangwa. Sioni sababu ya printa kutafutiwa neno jipya. Nozeli ibaki nozeli.

Katika printa, msukumo huo hupatikana kwa njia mbili. Mwaka 1977, huko Japani, mtafiti wa Canon aitwaye Ichiro Endo aliona wino ukiruka kutoka kwenye sindano iliyoguswa na chuma cha moto cha kuchomea risasi. Joto lilikuwa limechemsha wino, ukatoa povu, na povu likausukuma wino nje. Printa nyingi za Canon na HP hurusha wino hivyo: nyuma ya kila nozeli kuna kipande kidogo sana kinachopata moto na kupoa maelfu ya mara kwa sekunde. ThinkJet, ambayo HP iliitoa mwaka 1984, ilikuwa na nozeli 12; za leo zina mamia, na kila moja ni nyembamba kuliko unywele. Epson hawachemshi. Wao hutumia kipande kinachojikunja kikipitishiwa umeme, kikaubana wino hadi utoke.

Sasa, wino unawezaje kusimama kwenye nozeli iliyo wazi, inayotazama chini, usidondoke? Ndani ya katriji kuna sponji inayouvuta nyuma kidogo, na kwenye ncha ya nozeli wino huo hujishikilia kwa ngozi yake wenyewe. Mvuto ukizidi, wino unarudi ndani na hewa inaingia. Mvuto ukipungua, wino unachuruzika. Ni mizani nyepesi mno, na anayejaza katriji kwa bomba la sindano ndiye anayeivuruga, hasa akisukuma kwa pupa. Wino ukiingia haraka kuliko sponji inavyoweza kuunywa, hewa hubaki imefungiwa humo ndani.

Hapo ndipo ninapotaka neno kuziba lipunguziwe mzigo. Mafundi wa dizeli hawasemi pampu imeziba ikiwa imevuta hewa. Wanasema imevuta hewa, wanaitoa, gari linawaka. Katriji nayo huvuta hewa. Utaitambua kwenye karatasi ya majaribio, ile yenye vistari vyembamba ambayo printa huichapa yenyewe ukiiamuru. Ichape mara mbili, uziweke karatasi pamoja. Mapengo yakihama, pengo la juu limefunga na jingine limefunguka chini, shuku hewa. Mapengo yakikaa palepale, shuku wino uliokauka. Jaribio hilo halina gharama kubwa, na bado ni wachache wanaolifanya kabla ya kuchukua sindano.

Ugonjwa wa pili nauita kukata, kama maji yanavyokata bombani. Ukurasa unaanza vizuri, rangi imekolea, halafu katikati inafifia na kupotea. Ukiipumzisha printa kidogo, inaandika tena mistari kadhaa. Nozeli zake hazina kosa. Tatizo liko juu ya katriji, kwenye kitundu cha pumzi: aliyejaza wino amekibandika selotepu ili usimwagike. Hewa haiingii kujaza nafasi ya wino unaotoka, basi wino unagoma. Bandua selotepu.

Kuziba kwa kweli ni kukauka. Huko kunategemea aina ya wino, na mtu akijaza bila kuuliza ni aina gani, asishangae. Wino wa rangi katika printa nyingi za nyumbani ni rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya maji. Mweusi wa maandishi mara nyingi ni chembe zinazoelea, na chembe hizo zikikauka hushikana, hazirudi kuwa wino kirahisi. Ukizitia kwenye katriji isiyotengenezwa kwa ajili yake, umejitafutia kazi.

Dawa ya kukauka ni unyevu na subira. Kwa katriji iliyoungana na hedi yake, yaani sehemu yenye nozeli, kunja karatasi laini ya jikoni, iloweshe maji ya uvuguvugu yaliyokenekwa, kisha uisimamishe katriji juu yake kwa dakika chache, nozeli zikitazama chini. Maji ya betri yanafaa. Yale ya kuongezea, si asidi, na lebo isomwe. Usiiguse sehemu ya shaba. Kisha ihamishie kwenye karatasi kavu na uibonyeze taratibu. Katriji ya rangi iliyopona huacha michirizi mitatu iliyojitenga: samawati, nyekundu ya waridi na njano. Ukiona tope moja la kahawia, rangi zimeingiliana, ulijaza kupita kiasi. Endelea kuifyonza kwa karatasi hadi michirizi itengane.

Michirizi ikitoka safi yote mitatu na bado printa inaruka rangi moja, hakuna tena cha kuzibua. Huenda shaba ni chafu, au kile kipande cha moto kimeungua, maana mtu aliendelea kuchapa wakati wino umeisha na hapakuwa na cha kukipoza. Kuungua huko ndio ugonjwa wa nne. Hauna tiba, na fundi mwaminifu hatoi bili ya kuutibu.

Kwa printa za matangi, ambazo hedi yake haitoki na katriji, usafishaji hufanywa na mashine yenyewe. Uamuru mara mbili au tatu, halafu uiache hadi kesho. Viputo vya hewa hupata muda wa kupanda na wino mkavu kulainika. Wanaobonyeza mara kumi mfululizo wanahamisha wino wa pesa kutoka kwenye tangi hadi kwenye sponji ya uchafu iliyo chini ya mashine, na sponji hiyo ikihesabiwa kuwa imejaa, printa hujifunga.

Kuna jambo moja ambalo si la mjazaji. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, hedi husogea pembeni na kufunikwa na kifuniko cha mpira kinachotunza unyevu. Ikizimwa kwenye soketi, au umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi hubaki ilipo, wazi, inakauka. Umeme ukirudi iwashe, hata kama huna cha kuchapa, isubiri iirudishe hedi mahali pake, kisha uizime kwa kitufe.