Makosa ya vyeti vya dawa hospitalini na njia ya kuyapunguza

Cheti cha dawa ni karatasi ndogo, lakini uhai wa mgonjwa hutegemea kila tarakimu iliyoandikwa humo. Nukta isipoonekana vizuri, miligramu 1.0 husomwa 10. Herufi U, kifupisho cha uniti za insulini, ikiandikwa kwa haraka hufanana na sifuri. Uniti 4 zikawa 40, na mgonjwa wa kisukari akawa hatarini.

Uchunguzi wa Uingereza

Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa niaba ya Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza. Katika hospitali 19 za kaskazini-magharibi mwa England, wafamasia walipitia maagizo ya dawa 124,260 na kukuta makosa 11,077, yaani karibu 9 katika kila maagizo 100.

Madaktari wa ngazi zote walikosea, wakiwemo mabingwa. Hata hivyo, takriban makosa yote yaligunduliwa kabla ya kumdhuru mgonjwa, hasa na wafamasia. Watafiti walipendekeza, miongoni mwa mengine, kuwepo kwa chati moja ya dawa katika hospitali zote, ili daktari anayehama asilazimike kujifunza fomu mpya kila mara.

Mzunguko usiokoma

Hapo ndipo unapoingia usimamizi endelevu wa ubora. Mbinu hiyo ilianzia viwandani, Mmarekani W. Edwards Deming aliifundisha Japani kuanzia mwaka 1950. Hatua zake ni nne: kupanga, kutenda, kupima na kurekebisha, kisha kuanza upya.

Tuseme wodi imegundua kuwa vyeti vingi havitaji mzio wa mgonjwa. Badala ya kumkaripia daktari mmoja, wahusika huweka nafasi maalumu ya mzio juu ya cheti, hujaribu fomu hiyo katika wodi moja, na kila wiki mfamasia huhesabu vyeti vilivyokamilika. Idadi isipopanda, fomu hubadilishwa tena. Ikipanda, wodi nyingine huiga.

Kompyuta nazo husaidia. Katika hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston, utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa makosa makubwa ya dawa yalipungua kwa asilimia 55 baada ya madaktari kuanza kuagiza dawa kwa kompyuta. Lakini kompyuta huleta makosa mapya, kama vile kuchagua jina la dawa lisilo sahihi kwenye orodha. Kwa hiyo upimaji hauna mwisho.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilianzisha kampeni ya kupunguza kwa nusu madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Mgonjwa naye ana sehemu yake: kwenda hospitali na orodha ya dawa anazotumia, kutaja mzio wake, na kuuliza pale asipoelewa.