Kulipia seva iliyolala

Najua nimewatupa, ila fildi imenibana kweli kweli. Leo nina historia, somo langu lile lile, lakini siyo ya Majimaji.

Mnaikumbuka ile programu ya maswali niliyowatengenezea wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili? Niliiweka kwenye seva ya kupanga kwa mwezi. Wiki moja kabla ya mtihani kodi ikaisha, wakaizima. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona haifunguki?" Nikakosa jibu. Kilichoniuma zaidi: wao waliitumia kama saa mbili tu jioni, mimi nalipia saa 24.

Nikaanza kusoma. Kumbe swali hili ni la zamani! Mwaka 1961 John McCarthy alisema pale MIT kwamba ipo siku kompyuta itakuwa huduma ya umma kama simu, kila mtu alipie alichotumia. Mwaka 1964 Kemeny na Kurtz, walimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani, waliwasha mfumo ulioruhusu wanafunzi wengi kugawana kompyuta moja kwa wakati mmoja.

Sasa mkigawana nyumba lazima kuwe na kuta. Mwaka 1979 Unix ikaleta chroot, inayoifungia programu isione mafaili ya wenzake. Mwaka 2008 Linux ikapokea cgroups, kazi ya mainjinia wa Google, inayozuia programu moja isile fungu la wengine. Machi 2013 Solomon Hykes akaonyesha Docker: programu na mahitaji yake yote ndani ya kontena moja. Jina limetoka bandarini. Mwaka 1956 Malcom McLean alipakia makontena 58 kwenye meli Ideal X, na tangu hapo winchi haikujali tena ndani kuna nini.

Upande wa bei, mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha kompyuta kwa saa, senti 10 za dola. Mwaka 2014 ikaja Lambda, iliyohesabu kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ila kontena haikupokea mpaka Desemba 2020. Google walitangulia na Cloud Run mwaka 2019: kontena likikosa mteja linazimwa kabisa, na likizimwa halihesabiwi.

Hiyo ndiyo wanaita "bila seva". Seva zipo bwana! Ni kama kula kwa mama ntilie: masufuria yapo, ila huyaoshi wewe.

Nimehamia huko, na matumizi yetu madogo yanaingia kwenye kiwango cha bure. Lakini msikurupuke. Kwanza, mtu wa kwanza kuingia husubiri kidogo kontena liamke. Pili, likilala linasahau, hivyo alama za wanafunzi ziwekeni kwenye hifadhidata ya nje. Tatu, hii siyo LUKU. Uniti hazikatiki zenyewe, bili inakuja baadaye, na tahadhari ya bajeti inakuonya tu, haizimi kitu. Wekeni kikomo cha makontena yanayoweza kuwaka kwa pamoja. Mimi nimeweka moja.

Jana jioni yule mtoto kaniambia, "Mwalimu, imefunguka." Miaka zaidi ya 60 baada ya McCarthy, deni langu kwake limelipwa.

Haya, nakimbilia andalio la somo. Nyie mnaweka wapi programu zenu, na mnalipa ngapi? Niachieni maoni.