Waliochagua Picha za Lubumbashi

Maonyesho yenye jopo ni yale ambayo kazi ya sanaa haitundikwi ukutani kwa sababu tu mwenyewe ameileta, bali kwa sababu watu waliopewa mamlaka ya kuamua wameikubali. Desturi hiyo ilikomaa Paris, ambako mwaka 1863 waamuzi wa maonyesho rasmi walikataa zaidi ya nusu ya kazi zilizofikishwa mbele yao, hata mtawala Napoleon III akaamuru waliokataliwa nao wapewe ukumbi. Historia ya uchoraji wa Lubumbashi, mji wa Kongo ulioitwa Elisabethville hadi mwaka 1966, inaeleweka vizuri zaidi kwa kuuliza swali lililo moyoni mwa kila jopo, yaani ni nani aliyechagua, na kwa niaba ya nani.

Mwanzoni alichagua mgeni. Mwaka 1926 huko Bukama, Katanga, ofisa wa utawala wa Kibelgiji Georges Thiry alivutiwa na michoro iliyopamba kuta za nyumba, akamfikia Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu, ambaye yeye na mkewe Antoinette walipewa karatasi na rangi za maji ili wachore tena kile walichozoea kukichora ukutani. Kazi zao zilioneshwa Brussels mwaka 1929, kwa juhudi za Gaston-Denys Périer, ofisa wa Wizara ya Makoloni ya Ubelgiji. Ukuta wa udongo, ambao jirani yeyote aliutazama bila ruhusa ya mtu, uligeuka karatasi iliyosafiri hadi kwa watazamaji ambao mchoraji hakuwajua.

Miaka ishirini baada ya tukio la Bukama, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha Elisabethville karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar, maana yake banda. Aliamini kwamba msanii wa Kiafrika angeharibika kwa kuiga Ulaya, kwa hiyo hakuwafundisha wachoraji wake kanuni za Kizungu za kuonesha umbali na kina, bali aliwapa rangi, nafasi na muda, kisha akamhimiza kila mmoja atafute mkono wake mwenyewe. Matokeo yake yanastahili kutazamwa kwa karibu. Bela, mzaliwa wa Chad aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa mwalimu wake, aliacha brashi akapaka kwa ncha za vidole, hivi kwamba wanyama na wawindaji wake wameumbwa kwa madoa madogo yaliyosongamana. Mwenze Kibwanga alijaza umbo na mandhari yake kwa mistari mifupi iliyopangana sambamba, mithili ya nyuzi za ukili uliosukwa. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka kwa usafi wa magamba na manyoya, akiwazungushia majani na vitone mpaka pasibaki pengo.

Hata hivyo, ulinzi ule ulikuwa na kuta zake. Mtu anayemzuia msanii kuona ya wengine ili abaki na usafi wake anakuwa amekwisha kuamua kwa niaba yake usafi huo ni nini, na katika koloni uamuzi wa namna hiyo haukuwa jambo la sanaa peke yake. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na karakana yake ikamezwa na chuo cha sanaa ambacho Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa amekianzisha mjini humo mwaka 1951; humo Pilipili na Mwenze waligeuka walimu.

Baada ya uhuru lilizuka jopo la aina nyingine kabisa, nalo lilikuwa sebule. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mjini walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, wakauza picha zao zaidi kwa wafanyakazi wa mitaa ya Kamalondo, Kenya na Katuba mjini humo kuliko kwa wakazi wa mitaa ya wenye nafasi kama Golf. Mnunuzi ndiye aliyekuwa mwamuzi, kwani picha isiyomgusa ilirudi na mwenyewe, na iliyopendwa ilichorwa tena na tena. Ndivyo zilivyoenea picha za mamba muntu, yaani nguva, na zile zilizoitwa Colonie Belge, ambamo mfungwa amelazwa chini akichapwa na Mwafrika mwenzake aliye askari huku ofisa Mzungu akisimamia. Picha iliyokubalika ilisemwa kuwa na ukumbusho, neno lililobeba zaidi ya kumbukumbu, kwa maana ilitakiwa kumfanya mtazamaji afikiri na kusimulia.

Tshibumba Kanda Matulu alilipeleka wazo hilo mbali kuliko wote. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini Lubumbashi, zaidi ya picha 100 za historia ya nchi, akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili. Mnunuzi alikuwa mgeni kwa mara nyingine, lakini safari hii tukio gani liingie, na waziri mkuu wa kwanza Patrice Lumumba aoneshwe vipi, aliamua mchoraji.

Mwaka 2008 wasanii wenyewe, wakiwemo mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, walianzisha chama cha Picha na maonyesho yake ya kila baada ya miaka miwili. Hakuna jopo la kudumu. Awamu kadhaa zimekabidhiwa msanifu wa maonyesho, yaani mtu anayebuni wazo kuu na kualika wasanii, kama Simon Njami mwaka 2010, Elvira Dyangani Ose mwaka 2013 na Sandrine Colard mwaka 2019. Banda la 1946 lilikuwa na jina la Kifaransa. Chama hiki kilijiita kwa neno ambalo mama muuza mboga sokoni hahitaji kutafsiriwa.

Baloji mwenyewe alikwisha kuonesha uchaguzi unaofanywa na msanii ulivyo. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, alitoa katika hifadhi za kampuni ya madini ya Gécamines picha za wafanyakazi wa enzi ya ukoloni, waliopangwa mbele ya kamera kwa amri ya wengine, akawasimamisha upya mbele ya mitambo ya Gécamines iliyochakaa, wakimtazama anayewatazama.