Nani Atangulie, Nani Akabidhiwe: Historia ya Mgawanyo wa Kazi katika Uuguzi

Kuweka vipaumbele katika uuguzi, yaani kuamua ni mgonjwa yupi ahudumiwe kwanza na ni haja yake ipi itangulie, na kukasimu majukumu, yaani kumkabidhi mwingine kazi huku anayeikabidhi akibaki na dhamana ya matokeo yake, ni stadi mbili ambazo leo hufundishwa pamoja vyuoni, na asili ya zote mbili ni hospitali za vita, ambako majeruhi walikuwa wengi kuliko mikono ya kuwahudumia.

Katika majeshi ya Ulaya ya karne ya 18, afisa alitangulizwa mbele ya askari wa kawaida hata pale jeraha lake lilipokuwa dogo. Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, aliipinga desturi hiyo kwa kushikilia kwamba aliyeumia vibaya zaidi atibiwe kwanza, awe na cheo au asiwe nacho. Hata hivyo kanuni yake ilihusu kazi ya daktari, kwa kuwa uuguzi ulikuwa bado haujawa taaluma yenye mafunzo wala ngazi zake.

Hatua iliyoziunganisha stadi hizo mbili ilipigwa Sevastopol, mji wa bandari uliozingirwa katika Vita vya Krimea (1853–1856), na ni hatua inayostahili sifa kubwa kuliko inayopewa. Mwaka 1854 Elena Pavlovna, shemeji wa mfalme Nikolai I wa Urusi, alianzisha jijini St Petersburg jumuiya ya masista wa kuwahudumia majeruhi, ambao kazi yao vitani iliongozwa na daktari mpasuaji Nikolai Pirogov. Pirogov alikuwa ameona jinsi madaktari waliojaribu kumsaidia kila mtu kwa wakati mmoja walivyokuwa wakikimbia kutoka kwa majeruhi huyu hadi kwa yule, mpaka wakachanganyikiwa na kuishiwa nguvu bila kumfaa yeyote. Kwa hiyo aliagiza kwamba majeruhi wapangwe kabla hawajatibiwa: wasio na tumaini la kupona waliachiwa masista na makasisi wawape faraja ya mwisho, waliohitaji upasuaji wa haraka walipelekwa mezani, ambao wangeweza kusubiri hadi kesho yake waliwekwa kando au kuhamishwa, na wenye majeraha madogo walifungwa vidonda wakarudishwa vikosini. Masista nao waligawanywa, baadhi wakisaidia katika upasuaji na kufunga vidonda, wengine wakitunza na kugawa dawa, na wengine wakisimamia vyakula, mashuka na usafi. Kundi hilo la mwisho lisidharauliwe hata kidogo, kwani akiba ya hospitali za jeshi iliibwa mara nyingi na walewale waliopewa kuilinda, na sista aliyeisimamia ndiye aliyehakikisha kwamba chakula cha majeruhi kinamfikia majeruhi.

Upande wa pili wa vita hivyo, muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alifika katika hospitali ya jeshi ya Scutari, katika upande wa Asia wa Istanbul, mnamo Novemba 1854 akiwa na wanawake 38. Katika kitabu chake cha uuguzi kilichotoka 1859 alitenga sura nzima kueleza kwamba uuguzi mzuri hubatilika iwapo muuguzi hawezi kuhakikisha kuwa yale anayoyatenda akiwapo yatatendwa pia asipokuwapo. Hoja hiyo ndiyo msingi wa kukasimu majukumu hadi leo, kwa maana msimamizi hupimwa kwa kazi za wale aliowakabidhi sawasawa na kazi za mikono yake mwenyewe.

Uhaba wa wauguzi ulirudi kwa nguvu Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, nazo hospitali zikategemea wasaidizi wenye mafunzo mafupi. Kazi ziligawanywa kwa aina: mmoja alipima joto la wagonjwa wote wodini, mwingine akagawa vidonge, wa tatu akaosha vidonda. Kazi zilikwisha kwa wakati, lakini mgonjwa alipita katika mikono mingi bila hata mtu mmoja kumjua kwa ukamilifu wake. Mwaka 1953 Eleanor Lambertsen wa Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, alichapisha maelezo ya uuguzi wa timu, ambamo muuguzi aliyesajiliwa huongoza kikundi kidogo, hugawa wagonjwa kulingana na uzito wa hali zao na ujuzi wa kila mshiriki, kisha huitisha kikao kifupi cha kupitia mpango wa huduma. Mwaka 1969, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marie Manthey na wenzake walikwenda mbali zaidi kwa kumpa kila mgonjwa muuguzi mmoja mwenye dhamana ya huduma yake tangu anapolazwa hadi anaporuhusiwa.

Kabla ya hapo, katika Tanganyika ya miaka ya 1920, serikali ya kikoloni iliwafundisha madresa, yaani wahudumu wa kufunga vidonda vijijini, kutibu vidonda na maradhi ya kawaida katika zahanati zilizokuwa mbali na daktari. Huko nako kazi zilikasimiwa kwa sababu ya uhaba, ila usimamizi ulikuwa haba pia, na dresa aliachwa peke yake kuamua nani atibiwe pale na nani asafirishwe. Kumwachia mtu uamuzi mzito kiasi hicho bila msimamizi wa kumwuliza kulikuwa kumtelekeza, yeye pamoja na wagonjwa wake.