Mpokezano wa Nguvu

Mpokezano wa nguvu ni safu ya vipande vinavyouchukua mzunguko kutoka kwenye injini na kuufikisha kwenye magurudumu: klachi, giaboksi, propela shafti, difu na shafti fupi za pembeni, pamoja na krosi na beringi zilizoko baina yao. Istilahi hii inashindana na mbili zilizokwisha kujipenyeza katika faharasa, "treni ya uendeshaji" na "mfumo wa usafirishaji nguvu". Zote mbili zinastahili kuondolewa.

"Treni ya uendeshaji" imenyofolewa kutoka Kiingereza bila kuulizwa inakokwenda. Neno la Kiingereza lilitokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kukokota, na kabla ya kupewa reli lilikuwa tayari likimaanisha vitu vinavyofuatana, kimoja nyuma ya kingine. Kiswahili hakikupokea maana hiyo. Kilipokea behewa na honi. Mswahili akilikuta kwenye kitabu cha magari ataitafuta stesheni. Uendeshaji nao ni kazi ya dereva, si ya difu, achilia mbali kwamba tumbo pia huendesha. "Mfumo wa usafirishaji nguvu" una adabu zaidi, ila hausemi kitu. Siku hizi kila kitu ni mfumo: breki ni mfumo, mafuta ni mfumo, na bila shaka kamati iliyoliidhinisha neno hilo nayo ina mfumo wake. Isitoshe, nguvu haipakiwi hapa ikashushwa kule. Kila kipande huipokea, pengine huibadili kasi au mwelekeo, kisha hukikabidhi kipande kinachofuata.

Maana hiyo imo ndani ya kitenzi pokezana. Mzizi wake ni wa Kibantu na ukoo wake wote ni wa mikono: poka, kutwaa kwa nguvu, pokonya, kunyang'anya, pokea, kutwaa kinachotolewa, pokeza, kumtia mwingine mkononi, pokezana, kupeana kwa zamu. Kiambishi m- mwanzoni na -o mwishoni hutoa jina la tendo au la mpangilio wake, kama mwendo kutoka enda na mzunguko kutoka zunguka. Kauli ya kutendana haizuii jambo hilo, la sivyo kusingekuwa na mfuatano, mgongano wala mkutano. Wanaodai kwamba mpokezano "haumo kamusini" wangefaa kutaja istilahi hata moja iliyozaliwa ikiwa tayari kamusini. Wengine hulalamika kwamba neno linakumbusha mbio za kupokezana vijiti. Linakumbusha kweli, na hiyo ndiyo sifa yake kuu, kwa kuwa wakimbiaji hodari hupoteza mbio pale mkono wa mtoaji na mkono wa mpokeaji isipokutana.

Ferrari 275 GTB, iliyoonyeshwa Paris mwezi Oktoba 1964, inatoa mfano ambao "usafirishaji" hauwezi kuueleza. Katika magari ya 250 GT yaliyoitangulia, giaboksi ilifungwa moja kwa moja nyuma ya injini. Katika 275, giaboksi ya gia 5 ilihamishiwa nyuma na kuunganishwa na difu katika kasha moja, ili uzito ugawanyike vizuri zaidi kati ya mbele na nyuma. Klachi ilibaki mbele kwenye injini. Kwa hiyo propela shafti ilizunguka kwa kasi ileile ya injini, gia yoyote iwayo. Faida yake ni kwamba msokoto unaopita katika shafti huwa haujazidishwa na giaboksi, hivyo shafti yaweza kuwa nyembamba. Hasara yake ni kwamba shafti ndefu na nyembamba, ikizunguka kwa kasi ya injini ya V12, haisamehi hata upotofu mdogo.

Na upotofu haukukosekana. Injini ilikaa juu ya maunti 4, kasha la nyuma juu ya 3, na shafti ikapata beringi yake katikati, iliyofungwa kwenye chesisi. Hivyo mtoaji, njia na mpokeaji kila kimoja kilikuwa na makao yake. Raba ya maunti huzeeka, tena hulainika haraka inapodondokewa na oili. Injini ikishuka milimita chache tu, uso wa flenji yake hauelekeani tena na wa shafti. Gari likaanza kutetemeka na beringi kulika. Kwanza shafti ilipewa viungo vinavyohimili pembe bila kubadili kasi ya mzunguko. Baadaye, katika mwaka 1966, likaja suluhisho lenyewe: bomba gumu la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye injini upande mmoja na kwenye giaboksi upande wa pili, shafti ikizunguka ndani yake. Injini, bomba na kasha la nyuma vikawa kitu kimoja kilichokaa juu ya maunti 4, mbili mbele na mbili nyuma. Chesisi ikijipinda barabarani, au raba ikichoka, mstari wa shafti haubadiliki, na bomba hilohilo ndilo linalobeba msokoto wa kurudi kati ya giaboksi na injini. Mpango huo ulitumika katika 275 GTB/4 iliyotoka mwaka huo, na tena katika 365 GTB/4 ya 1968.

Kuhusu maunti yenyewe, kuna wanaotaka iitwe "mhimili wa injini", na wengine "egemeo". Mhimili una nasaba nzuri, kutoka himili yenye asili ya Kiarabu, lakini husimama imara kama ilivyo mihimili ya dola, ilhali maunti hubeba na wakati huohuo hukubali kutikiswa. Raba isiyotikisika ingepeleka mtetemo wote kwa abiria. Egemeo lina kazi yake katika somo la wenzo na halipaswi kusumbuliwa. Maunti ni neno la gereji, linaeleweka na kila muuza spea, na halikungoja kikao.

Kimatumizi, mpokezano uko katika ngeli ya M-/MI-: mpokezano wa nyuma kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mpokezano wa mbele kwa linalovutwa na ya mbele, mipokezano kwa wingi. Muktadha ukiwa wazi, "wa nguvu" huachwa.